Mpaka Sakafu Ikauke

Dada yake Vidole alifika jukwaani kwa mara ya kwanza siku ya Jumamosi, saa kumi na moja na robo jioni, wimbo wa nne ulipoanza. Alikuwa na taulo begani na bakuli la supu mkononi. Aliliweka bakuli juu ya piano, akakaa upande wa kushoto wa benchi, akaanza kupiga noti za chini. Vidole alisogea kidogo kumpa nafasi.

Wimbo ulidumu dakika sita. Ulipokwisha, benchi lilikuwa na mtu mmoja tena na watu walikuwa wanapiga makofi. Bakuli lilibaki. Mpiga besi, mzee aliyekuwa kazini tangu wenzake wakiwa hawajazaliwa, aliionja ile supu wakati wa mapumziko na kusema imekosa chumvi.

"Ya mgonjwa hiyo," alisema Vidole.

Vidole ndilo jina lililokuwa kwenye mabango. La kuzaliwa lilikuwa kwenye pasipoti tu, na pasipoti alikaa nayo meneja. Bendi yake ya jazi ilikuwa ya watu watatu, yeye na piano, mzee na besi, na mpiga dramu ambaye hakuweza kupitisha nusu saa bila mzaha. Walikuwa wanazunguka miji kumi na mmoja kwa wiki saba, na baada ya hapo waingie studio kurekodi.

Dada mtu alikuwa mbali, safari ya basi ya siku nzima, katika nyumba waliyozaliwa, pamoja na mama yao. Miaka mitatu nyuma upande wa kulia wa mama ulilala na haukuamka tena. Aliweza kukaa akikalishwa na kula akilishwa. Kikohozi kilipomshika ilibidi mtu amwinue mgongo haraka, la sivyo kingemkaba pumzi. Ilitakiwa mtu mmoja abaki nyumbani, na Vidole tayari alikuwa na mkataba. Suala hilo halikuwahi kujadiliwa.

Kesho yake dada alipiga simu hotelini.

"Jana nilikuwa namlisha mama," alisema. "Nimemwacha na kijiko mdomoni."

"Pole, dada. Sikujua."

"Sasa umejua. Siku ukitaka kuupiga wimbo wetu, niambie saa mapema nimwite jirani aje akae naye."

"Sawa."

"Na bakuli langu unitunzie. Seti yake ilikuwa sita."

Wimbo wenyewe uliitwa "Sakafu". Zamani mama alikuwa mfagiaji wa ukumbi wa shule, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia watoto, alikwenda nao. Ukumbi ulikuwa na piano. Mama aliwapandisha wote wawili kwenye benchi, akachovya tambara ndooni, akasema, "Asishuke mtu mpaka sakafu ikauke." Dada alikuwa na miaka tisa, Vidole mitano. Dada alitunga wimbo wa kutosha muda huo. Yeye alichukua upande wa noti za chini, akampa mdogo wake noti tatu za juu kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vifupi. Madirisha yakiwa wazi, sakafu ilikauka kwa dakika sita. Siku za mvua walirudia kipande cha mwisho.

Vidole alipokua aliutoa wimbo nje, akapiga pande zote mbili peke yake. Gazeti moja liliandika kwamba mkono wake wa kushoto unasikika kama wa mtu mwingine. Alikikata kipande kile cha gazeti na kumtumia mama. Kwenye kila ratiba paliandikwa, mtunzi: Vidole. Hakukusudia. Fomu ya kwanza aliyojaza maishani ilikuwa na mstari mmoja tu hapo, naye alikuwa na haraka. Ya pili ilinakiliwa kutoka ya kwanza, na ya tatu kutoka ya pili.

Basi ziara ikaendelea. Kila mchana Vidole alituma ujumbe wenye saa, na saa ilipotimia dada alifika. Mji wa tatu alikuja na nywele zilizosukwa nusu. Mji wa tano alikuja na povu la sabuni hadi viwikoni, mpiga dramu akazifuta noti za chini kwa leso yake. Mji wa saba alikuja amesinzia, akapiga vizuri tu.

"Pole na safari, binti," mpiga besi alimwambia kila mara.

"Asante, baba. Sijasafiri."

"Ndiyo maana wanasema kidole kimoja hakivunji chawa," alisema mpiga dramu. "Kumbe huyu jamaa jina lake lote ni la kukopa."

Dada alicheka. Vidole naye alicheka, kwa kuwa wenzake walikuwa wanacheka. Tangu mji wa tatu alikuwa hahisi kitu. Alilala kwenye vitanda vilivyofanana, akaamka bila kujua mlango uko upande gani, akanyoosha vidole kwenye ukingo wa sinki, akaenda kazini. Bakuli la dada aliliweka bafuni na kulitumia kuwekea sabuni.

Meneja alikuwa na lalamiko moja tu. Dada alikuja na aproni, na aproni haikupendeza kwenye picha. Akamnunulia gauni jeusi na kulituma kwa posta. Dada aliliona zuri mno kwa kazi za jikoni, akalitundika kabatini.

Studio ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitanda. Waliingia Jumanne asubuhi. Prodyuza alikaa nyuma ya kioo pamoja na fundi wa sauti, na piano ilikuwa upande wa huku chini ya maikrofoni nne. Kufika Alhamisi jioni nyimbo nane zilikuwa zimekwisha. Ilibaki "Sakafu", iliyopangwa kesho yake saa tatu kamili asubuhi, jirani wa dada akiwa amekubali kukaa na mgonjwa mpaka saa tano aende zake kazini.

Dada alifika saa tatu kamili. Kwenye stendi ya muziki palikuwa na karatasi ya majina ya watakaoandikwa kwenye jalada la albamu. Aliisoma huku mkono wake wa kushoto ukipiga. Alikuwemo prodyuza, fundi wa sauti, mpiga picha, na mtu aliyemnyoa Vidole ndevu siku ya picha.

"Niandike, mdogo wangu," alisema wimbo ulipokaribia mwisho. "Sisemi uniweke juu. Hata hapa chini, baada ya kinyozi."

"Nitaongea na prodyuza," alisema Vidole, na benchi likawa na mtu mmoja.

Aliongea na prodyuza saa nne, wakati wa chai. Prodyuza alisema jalada limeshakwenda kwa wachapaji, wakitaka kubadilisha itabidi wangoje wiki mbili. Hakukataa. Alimuuliza Vidole kama anataka wangoje wiki mbili. Vidole aliichovya biskuti kwenye chai, ikakatika ikazama, akasema haina haja.

Kwenye jazi wimbo haupigwi sawasawa mara mbili, kwa hiyo prodyuza huwa haridhiki mpaka achoke. Walirudia mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara dada alikuja, na kila mara alikuja amefika hatua fulani ya kazi iliyokuwa imekatizwa. Mara alikuja na shuka, mara ile shuka ikiwa imelowa, mara imekamuliwa. Mara ya sita alikuja amevaa kandambili moja.

"Hii iwe ya mwisho," alisema. "Jirani anafunga mkoba wake. Saa tano hiyo, anaondoka. Na mama leo kifua hakijakaa sawa."

"Sawa, dada."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Ile ya sita ilikuwa nzuri. Prodyuza aliisikiliza akiwa amefumba macho, akabonyeza kitufe cha kuongea nao.

"Tumekaribia," alisema. "Mara moja tu, kisha tukale."

Mpiga besi alimtazama Vidole. Mpiga dramu, aliyekuwa na mzaha wa kila saa, hakuwa nao wa saa hiyo. Vidole alitazama saa ya ukutani, ilikuwa tano na dakika nane. Angeweza kusema amechoka. Angeweza kusema ana njaa. Alinyoosha vidole, akapiga zile noti tatu za juu.

Dada alifika mikono mitupu. Alikaa, akapiga. Hakunyanyuka. Tangu utotoni hakuna kati yao aliyewahi kushuka kwenye benchi lile kabla ya wakati, maana mama alikuwa mkali kwa jambo hilo moja. Dakika ya tatu aligeuza shingo, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

"Namsikia mama anakohoa," alisema.

Vidole aliendelea kupiga.

"Acha, basi. Ukiacha wewe ndiyo narudi."

Mikono ya Vidole ilikuwa imefika penye kipande kigumu, na kwa mara ya kwanza siku ile kilikuwa kinatoka chenyewe, chepesi, kila noti mahali pake. Alitaka kuacha. Alijua kwamba anataka kuacha, kama unavyojua kwamba mlango wa nyumbani hukuufunga na huku basi limeshaondoka. Dada alipiga noti za chini mpaka mwisho, dakika sita, bila kukosea hata moja. Machozi yalimtoka na mikono ilikuwa na kazi, kwa hiyo hakuyafuta.

Nyuma ya kioo prodyuza alinyanyua dole gumba. Fundi wa sauti alisema kuna maneno kidogo katikati lakini mashine itayatoa. Kufika saa nane yalikuwa yametoka yote, na simu ya kutoka nyumbani ilikuwa imeshapigwa.

Vidole alisafiri siku nzima, akabeba jeneza la mama upande wa mbele, akapokea pole za watu. Aliungojea uchungu siku tatu, haukuja. Jirani alimkuta sebuleni amekaa, akamwambia kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Vidole akamshukuru. Dada, aliyevaa lile gauni jeusi, alimpa chakula kwenye sahani safi na hakumuuliza lolote kuhusu wimbo.

Albamu ilitoka baada ya miezi miwili. Jaladani palikuwa na prodyuza, fundi, mpiga picha, kinyozi, na mtunzi: Vidole. Uzinduzi ulifanyika Jumapili alasiri katika ukumbi wa viti mia mbili, na nyuma kukawekwa meza ya kutia sahihi. Vidole alifika na bakuli, ameliosha hadi sabuni yote ikatoka, akaliweka juu ya piano.

Alipoanza wimbo, dada alikuja na gauni jeusi. Meneja alisema leo amependeza.

Mama naye alikuja. Alitokea pembeni mwa jukwaa akiwa pekupeku, ndoo mkono wa kulia, tambara mkono wa kushoto, upande wake wa kulia umeamka. Aliinama akaanza kupiga deki kutoka kwenye pazia kuja kwenye piano. Mpiga besi alinyanyua besi yake kumpisha. Mpiga dramu alimsalimu shikamoo, naye aliitika. Alipofika chini ya benchi, dada alipandisha miguu na Vidole akapandisha yake, hivyo kipande cha mwisho alikipiga bila pedali, noti zikawa fupi na kavu.

Wimbo uliisha. Dada hakuondoka. Hakukuwa tena na wa kumrudia.

"Mtunzi na mpigaji," alitangaza mshereheshaji kutoka mlangoni, "Vidole!"

Ukumbi ulisimama ukapiga makofi, kisha ukatulia kumsikiliza. Maikrofoni ya kuongelea ilikuwa hatua nne mbele ya piano, na sakafu kati yake na benchi ilikuwa inang'aa maji.

"Waambie," alisema dada.

Vidole aliitazama sakafu. "Haijakauka."

"Viti mia mbili tu hivi. Sema hapo hapo ulipo, watakusikia."

Mama alikuwa amesimama kando ya ndoo, anakamua tambara, anawatazama kuona kama kuna atakayeshuka. Vidole alifungua mdomo. Alingoja kitu kimsukume kutoka ndani, akangoja tena, kisha akaufunga. Watu wakadhani amezidiwa na furaha, wakampigia makofi mengine na kuanza kupanga foleni kule nyuma.

Walikaa miguu juu, bega kwa bega. Madirisha yalikuwa wazi, kwa hiyo haikuchukua muda. Mama alichukua ndoo yake akaenda. Dada aligusa sakafu kwa kidole cha mguu, akashuka, akachukua bakuli lake, akatoka kwa mlango wanaopita watu wote. Vidole alishuka upande wa pili na kwenda mezani. Foleni ilikuwa ndefu. Kila aliyefika mbele alitaka jina la mtunzi, naye aliandika lake.