Koma za Mama Kuku

Ukitaka kumwona Ivyne Omollo akifura kwa hasira, mwambie kwamba watu wa Nairobi hawajui kuandika anwani. Wanajua sana. Wanaandika vile wanavyoelekezana: Uthiru, ukishuka stejini, nyuma ya kanisa, geti ya kijani. Yeye lawama zote aliitupia programu ya kununuliwa iliyokuwa ikitumika katika duka la dawa la Bharat, kule Westlands, alikoajiriwa.

Programu hiyo ilisoma faili ya wagonjwa wanaopelekewa dawa nyumbani, na kila ilipokuta koma ilikata, kama mtu anayekatakata sukuma wiki bila kuangalia. Kanisa likaangukia safu ya simu, geti ya kijani ikaingia safu ya dawa. Watu wa bodaboda walizoea kupiga simu na kuuliza, "Niko hapa, uko wapi?" na maisha yakaendelea. Lakini Mama Lornah Oduor wa Uthiru masikio yake yamechoka, simu ikilia hasikii. Wiki iliyopita insulini yake ilirudishwa Westlands, naye akakimbizwa hospitali hajitambui. Ndipo Bharat alipoamua kuwaandikia wateja wote barua: anwani ziwe fupi, koma marufuku.

"Bosi, hiyo haiwezi," Ivyne alimwambia. "Hao wazee watatoa kanisa ama watatoa geti? Nipe hii asubuhi niandike programu yetu."

"Asubuhi tu," Bharat alijibu. "Ikikataa, barua inaenda."

Ivyne akakunja mikono ya shati. Programu yake haikuwa na pupa. Ilipita herufi moja moja, na kwa kuwa faili huifungia kila anwani ndani ya alama za nukuu, ikikuta ya kufungua ilijua imeingia ndani ya maneno ya mtu, ikaziacha koma za humo zilivyo mpaka nukuu ifungwe. Wateja wa Karen wakapita, wa Kangemi wakapita. Ivyne akaanza kupiga mluzi.

Halafu ikagoma, na mstari iliogomea ulikuwa wa Mama Lornah.

Jaspreet, msimamizi wa ofisi, aliinama kutazama. Anwani ya mama huyo ilimalizikia kwa maneno: uliza "Mama Kuku". Ili kuzilinda nukuu hizo za ndani, faili ilikuwa imeziandika mbilimbili. Programu ilipoiona ya kwanza ikadhani maneno yamekwisha.

"Toa tu hiyo jina ya utani," Jaspreet alisema. "Mutie anangoja na pikipiki huko chini."

Ingekuwa rahisi, na kidole cha Ivyne kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kufutia. Lakini nani Uthiru anamjua Lornah Oduor? Mama Kuku ndiye anayejulikana hata na watoto wa chekechea. Ukilifuta jina hilo umemfuta mwenyewe.

"Sitoi. Mutie angoje."

Bharat alikuja akasimama nyuma yake na barua zake mkononi. Ivyne alitokwa jasho, tena aliogopa. Akaongeza kanuni moja: ukikuta nukuu, chungulia mbele kwanza. Zikiwa mbili zimeshikana, andika moja uendelee; ikiwa peke yake, funga. Akaendesha tena. Faili ikasomeka mpaka mwisho, kila kitu mahali pake, kanisa na geti na Mama Kuku wote wamo.

Mutie aliondoka na insulini. Ivyne akajimiminia chai, macho kwenye simu. Simu ya ofisi ilipolia na kuonyesha jina la Mutie, Jaspreet aliguna. "Amepotea."

Ivyne akaiweka kwenye spika.

"Wasee, sijapotea!" Mutie alisema. "Nimefika kwa geti nikauliza Mama Kuku, nikaonyeshwa na mtaa mzima. Dawa ashachukua. Anauliza ni nani ameandika hii njia poa hivi."

Sisi tumelelewa kujibu kwamba ni kazi ya ofisi nzima, kisha tuinamishe kichwa. Ivyne hakuinamisha chochote. Kifua kilimjaa fahari mpaka akasimama.

"Mwekee simu kwa sikio!" alimwamuru Mutie, akavuta pumzi. "Mama! Ni mimi! Ivyne! Ivyne Omollo!"

Ghorofa nzima iligeuka kumtazama. Na tusidanganyane, kelele ile haikuwa kwa ajili ya masikio ya Mama Kuku peke yake.