Kifuniko cha Bati

Saa kumi alasiri, muuzaji wa duka la vinywaji alikuwa akibandika bei mpya juu ya zile za asubuhi, macho makavu. Mfamasia alisimama mbele ya rafu, mumewe ubavuni akitoka jasho kama aliyefumaniwa.

"Chukua wiski ya miaka kumi na minane," mume alinong'ona. "Kaka alileta hiyo mwaka jana."

"Na baba yako akaifanyaje?"

Baba mkwe aliizamisha kwenye barafu na soda ya tangawizi.

"Hii kileo asilimia arobaini, ile arobaini," alisema mfamasia, akisoma chupa ya bei nafuu.

"Ikipelekwa jikoni nitaitwa Mpishi wa pili."

Katika ukoo ule wana walileta wiski ya sikukuu kwa zamu. Baba mkwe, meneja wa benki mstaafu aliyemtazama kila mtu kama mwomba mkopo, alinusa kizibo, kikazunguka meza nzima, kisha akatoa hukumu. Mwaka mmoja chupa ya kitinda mimba aliikunjia pua, ikaenda kumwagiwa nyama. Tangu siku hiyo lile jibaba lenye ndevu linaitwa Mpishi, hata na wanawe.

"Hanusi wiski yule, ananusa bei," alisema mfamasia, akailipia ile ya bei nafuu.

Mezani kwa baba mkwe, siku ya sikukuu, ndipo alipogundua kosa lake: chupa haikuwa na kizibo, ila kifuniko cha bati cha kuzungusha. Mume naye alikiona, uma ukamponyoka.

"Baba," alibwabwaja, "bei za mwaka huu, we acha tu. Nimekamuliwa!"

Uso wa baba mkwe ukalainika. Akafungua, akafumba macho, akanusa bati.

"Pipa la mwaloni," alitamka. "Mwaloni wa kale."

Kifuniko kikaanza safari.

"Na asali kwa mbali," alisema kaka mkubwa.

"Mimi napata zabibu, baba," alisema mke wa kaka huyo.

Mpishi, ambaye angepaswa kuwa na akili kuliko wote, alinusa mara mbili. "Moshi," alisema kwa unyenyekevu.

"Na wewe, mkwe wangu?" baba mkwe alimgeukia mfamasia.

Mume alimkanyaga mguu chini ya meza. Mfamasia alinusa. Aliwatazama watu wazima hawa, wenye vyeo na funguo za magari, waliokwisha kusifia kipande cha bati.

"Nasikia harufu ya bati, baba."

Mume akafumba macho. Mpishi akaanza kutabasamu, kama mfungwa anayeletewa mwenzake.

"Bati!" Baba mkwe alipiga meza. "Mnaona? Huyu ndiye mwenye pua! Mwaloni ukizeeka sana lazima uwe na bati kidogo ndani yake."

"Hata mimi nililisikia," alisema kaka mkubwa. "Nilikuwa sijapata neno."

Baba mkwe akajaza bilauri barafu na soda ya tangawizi, akadondoshea wiski. Kisha akainuka na kutia kifuniko kwenye bakuli la kioo kabatini, juu ya vizibo vya miaka yote. Kikagonga kioo, kikalia kling'i.