Mkono wa Meya wa Skarholm

Asubuhi ya sherehe ya uraia, katibu wa manispaa ya Skarholm alikata keki ya kringle vipande vidogo vidogo, akachomeka katika kila kipande bendera ya karatasi, akapanga chupa za kahawa mezani. Meya Torkild Vestrup alionja kimoja, kisha akaenda kunawa. Sheria ilitaka mkono kwa mkono, bila glavu, na yeye hakupenda kuwakaribisha watu uraiani kwa vidole vyenye sukari. Alijifuta kwa taulo, akajifuta tena kwa leso. Nje upepo wa Bahari ya Kaskazini ulipiga madirisha kama kawaida yake.

Raia wapya waliitwa kwa mpangilio wa herufi. Alitangulia Mpolandi mchomea vyuma wa bandarini, wakafuata mke na mume Wafilipino wanaofanya kazi kwenye banda la nguruwe, na wengine baada yao. Kila mmoja alitia saini kwamba ataiheshimu katiba, akampa meya mkono, watu wakapiga makofi. Wa mwisho alikuwa Hodan Warsame, daktari wa meno. Hodan aliletwa Skarholm akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na nusu ya meno yaliyokuwa yakitafuna kringle mle ukumbini yaliwahi kuzibwa naye, ya Torkild yakiwamo.

Hodan alitia saini, akasimama mbele ya meya, akaweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo.

"Asante sana, Torkild," alisema. "Salamu yangu kwa wanaume ndiyo hii, unaijua tangu zamani. Mkono nampa Ragnhild pale, kama hamna neno."

Ragnhild Kjær, naibu meya, alikuwa ameshainuka. Sheria iliruhusu mjumbe yeyote wa baraza apokee mkono, na miji mingine ilikuwa ikifanya hivyo bila kelele. Lakini baraza la Skarholm lilikuwa limepiga kura, na kwa kura moja ya kuzidisha, ambayo ilikuwa ya Torkild mwenyewe, liliamua kwamba huku mkono ni wa meya na hakuna mwingine. Torkild alimwashiria Ragnhild kwa mkono wa kushoto aketi.

"Mkono ni huu," alimwambia Hodan kwa upole, wa kulia ukiwa umenyooka mbele yake. "Hakuna mwingine."

"Basi nitarudi masika," Hodan alisema.

Sherehe ya masika ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Baada ya hapo jina lake, lililokwisha kupitishwa bungeni, lingefutika, naye angerudi mkiani mwa foleni pamoja na binti yake Idil, ambaye uraia wake ulifuata wa mama. Hodan alirudi kitini. Mkono wa Torkild haukushuka.

Alitoa hotuba ya kufunga ukiwa pale pale, umenyooka usawa wa tumbo, kidole gumba juu. Wakaimba wimbo. Akanywa kahawa kwa mkono wa kushoto. Watu waliompita waliushika ule mkono na kuutikisa, nao ukawajibu vizuri, wakauachia, ukabaki.

Watu wa Skarholm hawana tabia ya kushangaa. Kushangaa wanaona ni kujionyesha. Daktari aliupima mkono, akasema damu inapita na mifupa mizima, akashauri Torkild asilalie upande huo. Afisa wa usalama kazini alimletea kiegemeo cha chuma chenye magurudumu, cha kupumzishia kiwiko wakati wa vikao. Fundi cherehani alipasua mkono wa koti na kuutilia vifungo. Wastaafu wa chama cha kufuma walimfumia glavu ya sufu yenye rangi za bendera, na baraza likajadili suala hilo kwa kirefu, kisha likaamua kwamba kwa kuwa mkono ulikuwa bado umo kazini, na sheria inasema bila glavu, haiwezekani. Kwa hiyo ulipata baridi. Desemba ulikuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

Bandarini wazee walimtania kila alipopita.

"Torkild! Huo mkono unaomba au unatoa?"

"Unakaribisha," alijibu.

"Mbona aliyekaribishwa kakaa nje, basi?"

Akacheka nao, maana mtu asiyecheka na wazee wa bandarini hachaguliwi. Shakwe alitua kwenye kifundo chake, akakaa kidogo, akaenda zake. Na kwa kuwa mkono usioweza kuukata, ubusu, mji uliuzoea, kisha ukaupenda. Walio upande wake waliuona ni ushahidi. Waliuchora kwenye mabango: mkono umenyooshwa, chini yake jina la mji. Hata waliompinga waliutikisa kila asubuhi dukani, kwa sababu kuuacha hivi hivi ingekuwa utovu wa adabu.

Haikuwa kwamba Torkild alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na sababu, nayo ilimuuma. Mama yake alilelewa miongoni mwa watu wa nyumba ya sala, wale wa pwani hii waliokuwa wakiona karata ni dhambi na dansi ni moto wa jehanamu. Akiwa msichana alikwenda kucheza dansi kwenye ukumbi wa mabaharia. Baba yake alipofariki, wale watu walipita kaburini mmoja mmoja wakiwapa wafiwa mkono, na walipofika kwake waliuvuka wa kwake kana kwamba palikuwa na tundu hewani. Mama alisimulia jambo hilo mpaka uzeeni, na kila aliposimulia alikuwa akiutazama mkono wake. Torkild alikua akijua kwamba mtu anayekunyima mkono kwa ajili ya Mungu ni mtu wa kuogopwa. Aliingia kwenye siasa kwa ajili hiyo. Hakumchukia Hodan hata kidogo. Alikuwa akiwapiga vita watu waliokwisha kufa.

Usiku wa Krismasi, siku pekee ambayo kanisa la Skarholm hujaa, mchungaji Solvej alisimama mlangoni kuagana na watu kwa mkono, kama ilivyo desturi. Aliushika wa Torkild akakaa nao kidogo, akiupasha joto.

"Hebu niambieni ninyi wa siasa," alisema. "Sisi kanisani tulishaacha zamani kumlazimisha mtu apige magoti. Nilidhani jambo hilo limekwisha nchini."

"Hii si dini, Solvej. Ni desturi tu."

"Ehe. Hata sisi tulikuwa tukisema hivyo hivyo."

"Nawe ungeniambia nini? Nimruhusu kila mtu aje na Mungu wake aweke masharti?"

"Ningekuambia uvae glavu, baridi kali," alisema mchungaji, akamgeukia aliyefuata.

Mwezi wa pili jino lilimuuma Torkild, na mwenye jino bovu hachagui mganga. Hodan alimlaza kitini, akauelekeza mkono dirishani usimzuie taa, akavaa glavu.

"Fungua. Zaidi. Hili limeoza chini kwa chini."

"Ona sasa," Torkild alisema alipopewa nafasi ya kusukutua. "Hapa unanishika taya, ulimi, kila kitu. Kule mkono tu unakushinda."

"Hapa nakutibu. Kule ningekuwa nakusalimu. Hivi ni vitu viwili, na wewe unajua."

"Mimi naona ni ngozi ile ile."

"Torkild, mkeo ukimpapasa mgongo na daktari akimpapasa mgongo, ni ngozi ile ile?"

Alitaka kujibu, lakini sindano ya ganzi ilikuwa tayari imeingia. Hodan akafanya kazi yake. Alipomaliza aliketi kwenye kigoda chake cha kuzunguka na kuvua glavu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilichoka.

"Sikuombi ubadilishe dini wala sheria. Nakuomba usogee. Ragnhild asimame pale ulipo wewe, nimpe mkono, basi. Idil ana rafiki zake wote hapa, juzi darasani walikwenda safari ya Sweden yeye akabaki sababu ya makaratasi. Nimemwambia hadi masika. Unanisikia?"

Torkild alitikisa kichwa kwamba anasikia. Nusu ya uso wake ilikuwa imekufa ganzi, na mate yalimtoka pembeni.

"Baraza ndilo lililoamua," alisema kwa shida.

"Kwa kura ya nani?"

Akampa karatasi ya kujifutia, akaita mgonjwa mwingine.

Asubuhi ya siku moja kabla ya sherehe ya masika, mkewe Jytte alikuwa akimfunga vifungo vya shati, kazi aliyoifanya kila siku sasa. Alipofika kifungo cha juu, mkono ulijikunja kwenye kiwiko, ukaja ukalala juu ya kifua cha Torkild, kama paka aliyepata mkeka wake. Wote wawili waliutazama.

"Kumbe unashuka," Jytte alisema.

Wakaujaribu. Mfukoni haukuingia. Mezani haukutua. Ulikubali kifuani tu, na ulipokuwa kifuani maumivu yote ya bega yaliisha. Torkild alivuta pumzi ndefu ambayo hakuwa ameivuta tangu vuli. Chini ya kiganja alisikia moyo wake unapiga, akaona haya kidogo, kana kwamba ameingia chumba cha mtu bila hodi.

"Haya, dawa imepatikana," Jytte alisema. "Kesho Hodan akiweka wake, nawe weka wako. Ragnhild ampe mkono wa sheria. Sote tukanywe kahawa."

"Watasema nimesalimu amri."

"Kina nani?"

"Wote. Mabango yameshabandikwa, Jytte. Uchaguzi huu hapa."

"Mama yako angesemaje?"

"Mama yangu walimnyima mkono kaburini kwa baba yake!"

"Najua. Nimeisikia hadithi hiyo kuliko kengele ya kanisa." Jytte alimalizia kifungo. "Alichotaka mama yako ni mtu mmoja tu pale kwenye foleni asimame amsalimu. Namna yoyote."

 Torkild aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaunyoosha tena mbele. Uliuma kuliko mwanzo.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa hadi ngazini. Wapiga picha wa magazeti walikuja, na wenye mabango pia. Ragnhild alikuwa amevaa blauzi nyeupe, amenawa, amesimama hatua moja tu nyuma ya meya, karibu kuliko ilivyopangwa.

"Niachie dakika moja tu," alimnong'oneza. "Geuka ukohoe. Nitakuwa nimeshamaliza."

Raia wapya wakapita. Mkono ukawapokea wote. Kisha Hodan akaitwa, naye akaja pamoja na Idil, binti mrefu wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa akitafuna pipi nyeusi za urithi wa mji huo, zile chungu zenye chumvi ambazo mgeni hutema. Hodan akasimama. Akaweka kiganja kifuani.

Mkono wa Torkild ulianza kujikunja. Ulifanya hivyo taratibu, bila ugomvi, kama mlango usio na komeo. Ukumbi wote uliona. Mpiga picha mmoja alishusha kamera. Ragnhild alisogea mbele, mkono wake mwenyewe umeshatoka. Macho ya Hodan yalimkaa Torkild usoni, na ndani yake hamkuwa na ushindi, mlikuwa na ombi lile lile.

Torkild aliuwahi. Alikikamata kifundo cha mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, inchi chache kabla haujagusa koti, akauvuta nje. Ulimshinda nguvu kidogo, akakaza, jasho likamtoka. Ukanyooka. Akaushikilia hapo kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia mlango.

"Mkono ni huu," alisema.

"Nauona," alisema Hodan.

Akangoja muda ambao adabu inataka mtu angoje. Kisha akamshika binti yake begani wakarudi kwenye viti. Ragnhild alibaki amesimama na mkono wake hewani mpaka mtu alipomvuta blauzi. Katibu akafuta majina mawili. Wakaimba wimbo, na Idil, aliyefundishwa wimbo huo shule ya chekechea, aliuimba beti zote. Hakukuwa na sababu ya kutouimba. Walipotoka, mtu mmoja aliwashikia mlango.

Torkild alishinda uchaguzi. Siku ya kura watu walipanga foleni baada ya kupiga kura wamtikise mkono, wengine kutoka miji ya mbali. Hodan alituma maombi yake upya na kuambiwa asubiri, akaendelea kulipa kodi na kuziba meno. Ragnhild alitoa hoja barazani uamuzi ubadilishwe, akashindwa kwa kura moja.

Katika mji ambao hakuna anayefunga mapazia, kwa sababu mwenye kufunga hudhaniwa ana la kuficha, Torkild alinunua mapazia mazito. Jioni akirudi, Jytte huyavuta, naye huketi kwenye kiti chake na kuuachia mkono. Hurudi kifuani wenyewe. Hukaa hivyo mpaka saa ya kulala, ametulia, na hulala hivyo hivyo, na usingizi wake ni mzuri.

Asubuhi Jytte huyafungua mapazia. Siku moja, huku akimfunga vifungo, alimuuliza:

"Wewe umepumzika. Na yule mtoto wa Hodan naye atapumzika lini?"

Torkild alitazama saa ya ukutani. Akaunyoosha mkono, akahakikisha kidole gumba kiko juu, akatoka kwenda kazini.