Vali Iliyoelezwa Kaburini

Shahidi mkuu aliyeletwa kunipinga nilikuwa mimi mwenyewe. Kwenye video nimevaa gauni jeusi, nimesimama kando ya kaburi la kaka yangu, nafoka. Video ile aliirekodi binamu yangu, yule asiyeweza kuona jambo bila kulinyooshea simu, akaitupa mtandaoni kabla hata udongo haujakauka. Mkaguzi wa hataza akaikuta huko, akaitaja kwenye barua yake kwa maneno makavu: kipingamizi namba moja, hotuba ya mwombaji mazishini. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi kilichonila kilitoka kinywani mwangu.

Hataza, kwa asiyejua, ni karatasi ya serikali inayosema ubunifu huu ni wa fulani, mwingine asiuguse bila ruhusa yake. Huipati kwa kitu ambacho dunia inakijua tayari, hata kama aliyeiambia dunia ni wewe. Sheria humpa mbunifu mwaka mmoja wa huruma tangu afungue mdomo wake. Mwaka huo mimi niliumalizia karakanani, nikisukuma maji ya chumvi kwenye vali yangu, mlango wa bandia wa moyo, kutwa nzima nione kama itavunjika. Vali haikuvunjika, ila mwaka ulikatika.

Kaka yangu tulimwita Saa. Utotoni homa iliyoanzia kooni ilimharibia mlango mmoja wa moyo, na alipokuwa kijana akawekewa wa bandia: pete ndogo yenye mabawa mawili magumu, yanayofunguka damu ikipita na kujifunga isirudi. Chumba kikinyamaza ulimsikia, tik, tik, tik. Wifi yangu, mkewe, alisema mwezi wa kwanza wa ndoa alikosa usingizi kwa sababu ya mlio ule, na baadaye akawa hapati usingizi bila huo. Saa ndiye aliyenipa mimi jina la Pilipili, kwa sababu anazozijua kila aliyewahi kunikatiza nikiongea.

Siku moja mlio ukasita. Damu ilikuwa imeganda kwenye bawaba za ile vali, ndani ya vishimo vidogo ambamo ncha za mabawa huzungukia, na bawa moja likanasa. Hakuwa amekosa kidonge hata kimoja cha kuzuia damu isigande. Nilimhesabia mwenyewe kisanduku chake cha dawa baada ya mazishi, nikitafuta kosa lake, nisilione. Mimi ni mhandisi wa vifaa vya hospitali. Nilijua kosa lilikuwa la nani.

Basi pale makaburini walinipa kipaza sauti nisome wasifu wa marehemu. Nilisoma mistari miwili nikashindwa, si kwa machozi, kwa hasira. Nikawauliza waombolezaji: nyumbani kwenu uchafu wa mlangoni hukaa wapi? Nikajijibu mwenyewe kuwa hukaa kwenye bawaba, pale ufagio haufiki. Nikamwomba wifi bangili yake, pana, iliyobonyea kwa ndani. Nikachukua karatasi ya ratiba yenye picha ya Saa akicheka, nikaichana katikati ya uso, nikavipunguza vipande viwe nusu duara mbili, nikavipachika kwenye ule mbonyeo wa bangili na kuvipuliza. Vikafunguka. Nikavuta pumzi, vikajifunga.

“Hakuna vishimo!” nikapiga kelele kwenye kipaza sauti. “Ukingo unabiringika juu ya mbonyeo. Kila pigo la moyo unagusa mahali pengine, na damu inapafagia pale ulipotoka. Kingekuwepo kitu hiki, leo tusingekuwa hapa!”

Ndivyo nilivyomzika kaka yangu. Nilichana picha ya marehemu mbele ya mama aliyemzaa, na mama hakunisemesha kwa miezi mingi. Ujumbe alionitumia kwa wifi ulikuwa maneno mawili tu: hasira hasara.

Hiyo vali sasa nilikuwa nimeitengeneza kweli, na nilikuwa na mteja. Kampuni ileile iliyotengeneza vali ya Saa ilimtuma bwana mmoja niliyempachika jina la Tabasamu, kwa kuwa hata akikanyaga msumari angetabasamu. Walinitafutia wakili, wakamlipa wao. Nami nikatia saini kwamba hataza ikitoka, wao ndio wa kwanza kuinunua. Msinitazame hivyo. Wana viwanda, wana madaktari wa kuijaribu kwa wagonjwa. Nilijiambia, waliotengeneza ile iliyonasa, na waitengeneze hii isiyonasa.

Wakili alikuja karakanani na barua ya mkaguzi, akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

“Tarehe ya video hatuwezi kuipinga,” akasema. “Ila tunaweza kupinga maana yake. Sheria inauliza hivi: fundi wa kazi yako akiitazama, anaweza kutengeneza vali? Sisi tutasema hawezi. Tutasema ulikuwa umechanganyikiwa kwa msiba. Mtu anachana picha ya marehemu, anapuliza bangili, anapiga kelele. Huo ni uhandisi?”

“Nilikuwa sijachanganyikiwa.”

“Dada yangu, hiyo ni lugha ya ofisini tu. Nani atakumbuka?”

Nikamwambia sawa. Ndiyo, nilisema sawa, maana nilikuwa naiona vali yangu kifuani mwa mtu, na neno moja la ofisini likaonekana bei ndogo. Akaniomba niwalete mama na wifi siku ya kusikilizwa, wakae mbele, wafiwa waonekane.

Siku ilipofika tulingoja kwenye korido iliyonuka rangi mbichi. Mama alikaa upande mmoja wa benchi, mimi upande wa pili, wifi katikati yetu kama kawaida yake tangu msiba, akituhamishia maneno kutoka huku kwenda kule. Tabasamu akaja kunisalimia.

“Leo ikipita, dada, wewe unapumzika. Sisi tutaitunza.”

“Mtaanza lini kuitengeneza?”

“Kila jambo na wakati wake. Ile ya sasa bado inauzika vizuri. Hatuwezi kushindana na sisi wenyewe, si unaelewa?”

“Kwa hiyo mnaiweka kabatini.”

“Tunaitunza,” akarudia, na tabasamu lake halikupungua hata ukucha.

Ile ya sasa ndiyo iliyomuua Saa. Nilitaka kumjibu, na ninayo majibu mengi ya watu wa aina yake, lakini mlango ukafunguliwa tukaitwa.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ndogo na penseli iliyochongwa hadi ikabaki kipande cha kidole. Mezani palikuwa na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa, na ukutani skrini. Alitusalimia wote, akampa mama pole ya msiba, jambo ambalo wakili wetu hakuwahi kukumbuka kulifanya. Kisha akaeleza hoja ya siku hiyo kwa kifupi: je, maneno ya kaburini yanatosha kumfundisha mtu wa fani kutengeneza vali hii? Yakitosha, hataza hakuna.

Wakili akasimama. Alisoma kurasa zake kwa sauti ya kubembeleza, kama mtu anayewasomea watoto. Mwombaji alikuwa amechanganyikiwa, hajitambui. Mwombaji alikuwa akitamka maneno yasiyo na mpangilio. Kitendo cha mwombaji kuchana picha ni dalili ya akili iliyovurugwa na majonzi, na hakuna mtaalamu makini ambaye angechota maarifa kwenye kilio. Kila aliposema mwombaji alininyooshea mkono, na mimi nikakaa kimya kama nilivyofundishwa. Nikamtazama wifi. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaizungushazungusha bangili mkononi.

“Tuitazame,” akasema mkaguzi.

Video ikaanza. Nilikuwa sijawahi kuitazama, sikuwa na ubavu huo. Nikajiona nikiinua bangili. Nikasikia sauti yangu, imekwaruza, imepasuka, lakini inakwenda neno kwa neno, bawaba, ufagio, mbonyeo, damu. Nimefundisha vyuoni, nimeandika ripoti za kurasa mia, na sijawahi kueleza kitu vizuri kama nilivyoeleza siku ile. Halafu huyu bwana anasema nilikuwa kichaa! Kaka yangu alipata kwangu kitu kimoja tu cha maana siku ya kuzikwa kwake, nacho ni ukweli wa kilichomuua. Leo nikae hapa niukane, ili wauaji wake waufungie kabatini?

Skrini ikazimika. Mkaguzi akanigeukia. “Mwombaji ana la kuongeza?”

Kiatu cha wakili kikanikanyaga chini ya meza.

“Ninalo,” nikasema, nikasimama. “Kwanza mwambie wakili wangu aniondolee mguu.”

Wakili akauondoa.

“Wifi, niazime bangili.”

Wifi aliivua haraka mno, kana kwamba alikuwa akiingoja amri hiyo tangu tulipoingia. Nikanyoosha mkono nikauchukua ukurasa wa kwanza wa hoja za wakili, ule wenye neno kuchanganyikiwa, nikauchana katikati. Wakili akatoa sauti ndogo. Nikazipunguza nusu mbili zienee, nikazipachika kwenye bangili, nikaziinua usoni pa mkaguzi, nikapuliza. Zikafunguka. Nikavuta pumzi, zikajifunga.

“Kuna asiyeelewa humu ndani?” nikauliza. “Ukingo unabiringika, unahama, damu inapafagia. Nilisema hivi kaburini, mbele ya watu wote, nikiwa na akili zangu timamu. Fundi yeyote wa kazi yangu akinisikia anaweza kuitengeneza. Akishindwa, arudishe cheti.”

“Mwombaji,” mkaguzi akasema polepole, “unaelewa kwamba maneno haya yanakunyima hataza?”

“Naelewa.”

“Na unataka niyaandike hivyo?”

“Yaandike kama yalivyo. Maji nimeshayavulia nguo.”

Akaandika. Ile penseli ilichukua muda wake. Wakili alikusanya kurasa zilizobaki akaziweka kifuani, labda alihofia nitazichana zote. Tabasamu alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango, na nilipogeuka kumtazama nilimwona kwa mara ya kwanza ana uso wa kawaida.

Tulishuka ngazi watatu. Hasira ikishanitoka huniacha mtupu. Nilikuwa nimepoteza mteja, wakili, viwanda, na madaktari wa kuijaribu. Nikajiandaa kusikia hasira hasara kwa mdomo wa mama mwenyewe, bila wifi kuileta.

Mama alisimama akashika kitasa cha mlango wa kutokea, asiufungue.

“Siku ile nilikuelewa,” akasema.

“Nini, mama?”

“Kaburini. Ulipopuliza tu nilikuelewa. Watu wakadhani nimekasirika kwa sababu umechana picha. Picha ni karatasi.” Akaachia kitasa. “Niliona mwanangu angepona. Ulinionyesha pale pale, udongo uko wazi, kwamba angepona. Ningekutazamaje usoni?”

Wifi akaanza kulia. Mimi nikamkumbatia mama, na yeye akaniacha nimkumbatie, mgongo umekakamaa kama ubao, kisha ukalegea.

Tabasamu alinipigia simu wiki hiyohiyo. Sauti yake haikuwa na asali tena.

“Umejichoma mwenyewe,” akasema. “Umetupa mali yako barabarani. Sisi tutaibadilisha kidogo, tutaiombea hataza kwa jina letu, na utainunua kwetu kama mtu mwingine yeyote.”

“Ombeni,” nikamjibu. “Ombeni hapa, ombeni ng'ambo, ombeni popote penye ofisi. Nitawatumia wakaguzi wao ile video kabla hamjalipa hata ada. Kila mtakapokwenda mtamkuta kaka yangu amefika kabla yenu.”

Akakata simu. Nilikuwa nimebakiza maneno mengine mazuri zaidi, ikabidi niiambie karakana.

Barua ya kukataliwa ilipokuja nilimsomea mama, kwa kuwa aliniomba. Maombi yamekataliwa. Vali yenye bawaba inayohama haiwezi kumilikiwa na mwombaji wala mtu mwingine baada yake, kwa kuwa ilikwisha kuelezwa kwa umma wote, kwa uwazi kamili, na mwombaji mwenyewe, siku ya mazishi. Akaniambia nirudie hapo kwenye uwazi kamili. Nikarudia.

Vali bado haijaingia kifuani mwa mtu. Sitaki kuwadanganya. Lakini karakana mbili za hospitali za umma, moja iko nchi nyingine kabisa, zimeniandikia zikiuliza upana wa mbonyeo, na nimezijibu siku hiyohiyo, bure, na michoro juu. Zinaijaribu kwenye maji ya chumvi kama nilivyofanya mimi.

Wenzangu hutundika hataza zao ukutani. Mimi nilikwenda kwa fundi wa fremu na barua ya kukataliwa. Mama alisikia, akaja karakanani asubuhi na pochi yake kuukuu, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na nusu duara mbili za karatasi, zimekunjamana, zina udongo pembeni. Alikuwa ameziokota kaburini watu walipokwisha kuondoka.

Alizipanga mwenyewe ndani ya fremu, chini ya barua, akazisogeza hadi uso wa Saa ukakutana, anacheka. Nikaiinua fremu ukutani, naye akarudi nyuma akatazama.

“Juu zaidi,” akasema. “Anayeingia aanze na hiyo.”