Dakika Tatu za Profesa

Kwa miaka thelathini na moja profesa alifundisha jambo moja: namna raia anavyosimama mbele ya wakubwa akasema, akasikika. Kanuni yake wanafunzi waliijua kama majina yao: kabla ya kumpinga mtu, ieleze hoja yake vizuri kuliko yeye mwenyewe. Aliiandikia vitabu viwili. Ila yeye mwenyewe hakuwahi kusimama barazani. Alipeleka wanafunzi, akakaa nyuma na daftari.

Siku hiyo alisimama kwa ajili ya dada yake. Baraza la mji lilitaka kubomoa nyumba kumi na nane kando ya mfereji. Ya tatu ilikuwa ya dada, na ndimo alimomlea profesa baada ya mama yao kufariki. Wakazi waliruhusiwa msemaji mmoja tu. Hawakubishana kumchagua.

"Wewe ndiye mwenye maneno, mdogo wangu," dada alimnong'oneza kwenye benchi. "Sisi tumekuja kupiga makofi."

"Siku zote najiuliza, mtu anasomeaje kuongea?" jirani akadakia. "Mke wangu hakusoma na hanyamazi!"

Wakacheka, hata dada.

"Dakika tatu," mwenyekiti alisema. "Kengele ikilia, unakaa. Hata ukiwa profesa."

Akaanza kama alivyofundisha, kwa hoja ya baraza. Alieleza jinsi mfereji unavyofurika kila masika, jinsi kuta zinavyolika kutoka chini, na watoto wawili waliosombwa mwaka uliopita. Alisema kwa upole, bila kuruka kitu. Madiwani wakaacha kuchezea simu. Nyuma yake benchi lilikwaruza sakafu, mtu akaguna. Wavumilie kidogo, aliwaza, zamu yetu inakuja. Darasani alizoea saa mbili.

"Hata hivyo, waheshimiwa..."

Kengele ikalia.

"Mwenyekiti, ndiyo kwanza nafika kwenye..."

"Umefika, Profesa. Sisi wenyewe hatujawahi kuieleza hoja yetu vizuri hivyo. Karani, andika: msemaji wa wakazi ameafiki."

"Sikuafiki! Nilikuwa natanguliza..."

"Kaa, tafadhali."

Madiwani wakanyoosha mikono: tisa wa kubomoa, wanne wa kupinga. Karani alikuwa bado anaandika.

Nje, majirani walipita mmoja mmoja bila kumtazama. Aliyetania hakuwa na utani tena. Dada alimshika mkono wakateremka ngazi.

"Yale ya maji na wale watoto, ni kweli?"

"Ni kweli, dada."

"Haya."

Njiani profesa alimweleza alichokusudia kusema: ukuta wa kuzuia maji ambao baraza liliahidi na halikujenga, gharama yake, na familia ambazo hazikutafutiwa pa kwenda. Hoja tatu, kila moja mahali pake. Dada hakumkatiza. Alisikiliza mpaka neno la mwisho, kama alivyomsikiliza zamani akisoma kwa sauti jikoni.

"Zingetufaa," alisema.

Walipofika mlangoni dada alipapasa bawaba kwa kidole.

"Jumamosi uje na bisibisi. Milango bado mizima, sitaki waivunje."