Ya Kando au ya Ndani

Mwaka huu baba yangu alikuwa na swali moja tu duniani: kigeuzi cha kando au cha ndani? Alimwuliza padri baada ya misa. Alimwuliza muuza mkate. Alimwuliza mama wakati mama ana pilipili jichoni.

Baba, Edouard jina lake, ni mstaafu wa reli, na pale sebuleni kwetu, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, muziki wake ndio mwenye nyumba. Mimi na mama ni wapangaji. Nyimbo zake zote ziko kwenye kompyuta, na ndani ya kompyuta wimbo si wimbo, ni tarakimu tupu. Lazima kitu fulani kizigeuze ziwe sauti. Kitu hicho kwa Kifaransa ni convertisseur. Ampli yake, ile mashine ya kukuza sauti, ilikuja nacho tumboni. Lakini fundi mmoja wa mjini akamwazima kingine, kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni, kinachokaa peke yake kando ya ampli, ili baba akijaribu hadi Jumatatu. Cha ndani kina sifa zake: boksi moja, waya chache, mama anapangusa vumbi kwa amani. Cha kando nacho hukaa mbali na fujo za umeme zilizomo ndani ya ampli, na kikichoka unakibadilisha chenyewe. Haya nayajua kwa moyo kama sala, na sikuomba kufundishwa.

Basi Jumapili, siku moja kabla ya kisanduku kurudishwa, Hénoc alikuwa anakuja kujitambulisha kwa wazazi wangu. Hénoc ni mtu wa Butembo, anauza kwa jumla katika depo ya mjomba wake, na nampenda. Niseme nini zaidi? Nampenda hadi nashona mikono ya nguo za wateja kinyume. Baba akikataa, hakuna ndoa, kwa hiyo nilitaka neno moja tu litoke mdomoni mwake.

Nikampigia Hénoc simu nimpe siri ya kukubaliwa na baba. "Papa anawazaka convertisseur tu. Sema muzuri ju ya convertisseur, njo umepita."

"Convertisseur?" Alicheka kwa raha. "Syntiche, hiyo si njo kazi yangu?"

Hapo ningeshtuka, lakini furaha ilikuwa imeniziba masikio. Nilikuwa nimeishi na baba mno. Nilisahau kwamba Lubumbashi nzima, mtu mwenye akili timamu akisema convertisseur, anamaanisha ile mashine inayochukua nguvu ya betri na kuendesha nyumba umeme ukikatika. Hizo ndizo Hénoc anazouza.

Jumapili alikuja na shati jeupe. Soda yake ilikuwa haijafunguliwa bado baba alipoanza.

"Mutoto yangu, weye unasemaka nini? Incorporé ao à part? Ya ndani ao ya kando?"

"À part, papa," Hénoc akajibu bila kupepesa. "Ya incorporé, kitu kimoja kikikufa ndani, yote inakufa."

Baba akamgeukia mama. "Laurentine, unasikia?"

"Na tena ya kando unaiweka mbali kidogo, sababu ya makelele."

Yeye alimaanisha feni ya mashine inavyovuma. Baba alisikia zile fujo za umeme, akasogeza kiti.

"Banasema ku batterie njo inatoka safi zaidi," baba akanong'ona, akimaanisha sauti.

"Papa, bila batterie utafanya nini nayo?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia, nataka kucheza. Wanaume wawili niwapendao walikuwa wanaelewana kama mapacha.

"Ya kwako iko namna gani?" baba akauliza.

"Ile nitakuletea iko ya trois kilos."

Kilowati tatu, alimaanisha. Baba, ambaye kisanduku chake hakizidi uzito wa sabuni, alifumba macho kwa heshima. "Trois kilos. Na unasikiaka nini nayo?"

"Inabeba yote, papa. Télé, frigo, hata congélateur ya mama."

Baba akafumbua macho. Friji haiimbi.

"Frigo," baba akasema.

"Frigo, papa."

Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Alianguka kwenye kochi, kitenge mdomoni, akicheka hadi machozi. Mimi nikaeleza, kwa aibu, neno moja na mashine zake mbili. Baba hakucheka.

"Donc, ju ya muziki hauyue kitu."

"Hata kimoja, papa."

"Ile ya frigo uilete tu," mama akasema kutoka kwenye kochi.

Baba akamsimamisha Hénoc, akamgeuza atazame ukuta. Akapiga rumba kupitia kigeuzi cha ndani, kisha ileile kupitia cha kando. "Sema. Gani iko muzuri?"

Nilikuwa nimenyoosha vidole viwili juu kama mwehu, ya pili, ya pili, lakini Hénoc alikuwa anatazama kalenda ya parokia. Akaomba arudiwe. Baba akarudia. Nikaona maisha yangu yote yamesimama pale ukutani pamoja naye.

"Papa, unisamehe. Mimi nasikia iko sawasawa."

Baba akazima muziki, akaketi, akavua miwani.

"Padri alisema ya kando. Muntu ya mukate alisema ya kando. Bantu yote banaangaliaka uso yangu kwanza, njo banajibu." Akaipangusa miwani kwa shati. "Mi pia nasikia sawasawa. Tangu siku ya kwanza."

Mama aliacha kucheka.

"Kesho nitairudisha ile kasanduku," baba akasema. "Mais weye, Hénoc. Ukimubeba Syntiche, utamuweka fasi gani? Nyuma ya parcelle kuko chumba. Incorporé."

Alitaka tukae chumba cha uani, humohumo kwetu. Nilijua Hénoc anajenga vyumba viwili kule Annexe, pembezoni mwa mji, na nilijua pia jibu gani lingemfurahisha mzee. Ningekuwa mimi, ningedanganya papo hapo.

"À part, papa," Hénoc akasema. "Lakini na fil, waya ya kuunganisha."

Baba akavaa miwani amwone vizuri. "Fil ya murefu namna gani?"

"Tutakuja kila siku ya Mungu, papa." Kila Jumapili, yaani.

"Iko murefu sana." Baba akatikisa kichwa kama fundi. "Fil ya murefu inaharibu sauti. Mukuyake na mercredi."

Mukuyake, alisema, yaani muwe mnakuja. Hakusema ukuyake. Wawili, sisi, mimi na yeye, na kila Jumatano juu yake. Niliweka sinia chini kabla halijaniponyoka, nikakimbilia jikoni kucheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu sebule nzima isingenitosha.