Chupa Mbili za Unga Mweusi

Fundi yule wa maabara, wenzake walimwita Matone, maana hakuna aliyemfikia kwa kudondosha alkali. Bosi wake, mtafiti wa umri wa binti yake, aliyeyusha chumvi za chuma na kobalti majini, naye Matone akatia alkali tone kwa tone mpaka maji yakawa meusi tititi. Unga uliopatikana wakauosha, wakaukausha, wakautia kwenye chupa kando ya ile ya unga wa kununua, wa kulinganishia, kisha Matone akaupeleka kupimwa. Eksirei ikaonyesha chembe za nanomita kumi, zote zimelingana, na usumaku wake ukawaacha mdomo wazi. Makala ikachapishwa, jina la Matone likiwa la pili. Miaka thelathini kazini, alitania, jina lake halijawahi kuonekana popote ila kwenye karatasi ya mshahara.

Miezi mitatu baadaye akapigwa na kiharusi.

Mtafiti akabaki kudondosha mwenyewe. Alirudia mara tisa, na mara zote tisa chembe zikatoka kubwa kubwa, usumaku hafifu. Alibadili joto, akabadili maji, akailaumu mikono yake. Mwishowe akaenda kumwona mgonjwa.

Alimkuta ameegemezwa mito, mdomo umekwenda upande. Mkewe akampisha kiti.

"Mzee, nimeshindwa," mtafiti alisema. "Nielekeze ulikuwa unafanyaje."

Matone alimtazama kitambo, machozi yakamtoka.

"Chupa," alisema kwa taabu. "Nilipeleka... siyo."

Mkewe aliinama kumsikiliza, akanyanyuka uso umembadilika. "Anasema chupa mliyopima haikuwa yenu. Ni ule unga wa kununua, wa kulinganishia. Alichanganya lebo. Alipokuja kugundua, makala ilishatoka."

"Mbona hukuniambia, baba?" mtafiti aliuliza.

"Ulifurahi," Matone alisema. "Ulifurahi mno, mwanangu."

Mtafiti aliushika mkono wa Matone uliopooza, akakaa naye mpaka chai aliyoletewa ikapoa.

Kesho yake aliliandikia jarida kuomba makala iondolewe. Aliandika "kosa letu", akafuta, akaandika "kosa langu", kwa kuwa yeye ndiye aliyepaswa kukagua chupa. Jibu la kukubali lilichukua wiki mbili. Lilipofika, Matone alikuwa amefariki siku iliyotangulia.

Mazikoni, mpwa wake alisoma historia ya marehemu. Alipofika kwenye makala akapaza sauti: "Mjomba alichapishwa, jamani! Fundi, si profesa!" Watu wakaitikia kwa minong'ono ya fahari. Mjane akageuka, akamtafuta mtafiti kwa macho katikati ya umati, akatikisa kichwa polepole: usiseme. Mtafiti akainama, asiseme.

Jumatatu alifungua ukurasa wa jarida. Juu ya makala walikuwa wamepitisha neno moja jekundu, *Imeondolewa*. Majina mawili yalikuwa bado hapo chini. Alikaa akiyatazama, koti la kazi mkononi, hata kulivaa hawezi.